Vijiko Viwili vya Jirani

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Lukole nyuma, na Malongo hakugeuka kuitazama. Alikuwa amekaa nyuma ya Bernardo, miguu ameipanua kama mtu aliyepanda punda, na mapajani amepakata tenga la kubebea kuku. Ndani ya tenga, juu ya gunia lililokunjwa, alilala mbwa. Ukimtupia jicho mara moja ungesema ni ngozi iliyoanikwa ikasahaulika: mbavu zinahesabika, uti wa mgongo umechongoka kama meno ya msumeno, macho yamezama ndani. Kila gurudumu lilipoingia kwenye kishimo, Malongo alilinyanyua lile tenga kidogo ili mtikisiko uishie kwenye magoti yake.

"Bernardo, punguza mwendo."

"Mzee, nikipunguza zaidi ya hapa tutaanza kurudi nyuma."

"Basi punguza hivyo hivyo."

"Nimepeleka wajawazito hospitali Rulenge, tena wenye uchungu, hawakunisumbua namna hii."

"Wajawazito wanajua kusema. Huyu hajui." Wakavuka kishimo kingine. Kisha Malongo akaanza tena. "Pale penye duka simama nimnunulie hata andazi."

"Nesi kasema kwenye simu asipewe kitu ila maji. Umemsikia mwenyewe."

"Nilimsikia kwa sikio bovu."

Bernardo akacheka, akakanyaga gia, duka likapita.

Malongo alikuwa mtu wa kutembea. Alizaliwa upande wa Shinyanga, baba yake akahama na ng'ombe hadi Biharamulo, na tangu hapo kutulia kulimshinda. Shule aliisoma vipande vipande, darasa la pili hapa, nusu ya darasa la tatu kule, na kusoma alimalizia kwa kutazama maandishi ya magari. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba za ng'ombe. Alikata katani palipokuwa na katani, akaiponda, akaisokota juu ya paja, na kamba zake zilikuwa zinajulikana kuanzia Nyakanazi hadi ng'ambo ya Rulenge, kwa kuwa fahali aliyefungwa nazo alichoka kabla ya kamba kuchoka. Sheria yake ilikuwa moja: mahali pamoja, siku tatu. Siku ya nne asubuhi watu walikuta majivu.

Mbwa alimwita Jirani. Watu walipomuuliza kwa nini, aliwajibu kwamba kila mtu ana jirani na yeye pia alimtaka wake. Lakini Jirani hakuwa wa mazungumzo tu. Sikio la kulia la Malongo lilikuwa limekufa miaka mingi, na la kushoto lilikuwa linaelekea huko huko. Barabarani mbwa ndiye aliyesikia. Lori likija kwa nyuma, Jirani alimsukuma mzee gotini kwa pua, na mzee akaingia kwenye majani. Mara mbili pale Nyakanazi alisukumwa akapona. Bila mbwa huyo, Malongo angelazimika kukaa chini mahali fulani, kwenye stuli ya mtu mwingine, asubiri kufa. Hilo alilijua, na ndilo lililokuwa linamkausha mate juu ya ile pikipiki.

Ilivyotokea ni hivi. Walikuwa Lukole, mahali palipokuwa na kambi za wakimbizi miaka ile ya tisini, ambapo siku hizi kuna vichaka, na katani imejiotea vizuri. Jirani alimfukuza sungura, hakurudi. Malongo alimtafuta siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne hakuondoka. Alikaa siku kumi na mbili, yeye ambaye hakuwa amekaa hata msiba wa dada yake siku zote hizo. Siku ya kumi na mbili mwanamke aliyekuwa akiokota kuni alisikia mnyama akilia chini ya nyasi: shimo la zamani, limefunikwa na majani, kina chake mara mbili ya mtu. Maji ya mvua chini yake ndiyo yaliyomweka mbwa hai. Malongo alishuka kwa kamba yake mwenyewe. Alipopanda juu na mbwa begani alitazama kandokando, akaona njia aliyokuwa akiipita kila siku kwenda mtoni. Ilikuwa hatua ishirini kutoka pale shimoni. Kurudi alizungukia njia nyingine, kwa hiyo ni sikio la kulia tu lililowahi kuelekea shimo.

Hakumwambia mtu jambo hilo.

*

Mtu waliyekuwa wakimwendea alikuwa Murukulazo, kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo. Jina lake Deodata. Kazi yake ilikuwa uuguzi wa wanyama; daktari wa mifugo alikuwa anapita siku moja kwa wiki, siku nyingine zote ni Deodata na simu. Ng'ombe na mbuzi aliwafuata nyumbani kwao kama wenzake wote, na kwa hao watu walimheshimu. Ila chumba kile cha nyuma alikuwa amekitenga kwa mbwa na paka wagonjwa, na kwa hilo walimcheka. Walimwita Nesi wa Mbwa. Yeye aliitikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea maiti inayohema."

"Inayohema si maiti. Mlete hapa."

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, ana mikono mipana ya mkulima. Hakumgusa mbwa kwanza. Alichuchumaa mbali kidogo, ubavu ubavu, akamwacha amnuse. Ndipo akamfunua midomo akatazama ufizi, akavuta ngozi ya shingo akahesabu inavyorudi, akaweka kiganja chini ya mapaja ya nyuma kusikia mapigo. Kisha akamwingiza kwenye kiroba safi, akakitundika kwenye mizani ya kupimia kahawa.

"Kilo kumi na moja. Alikuwa ngapi?"

"Sijawahi kumpima. Alikuwa mbwa."

"Mifupa hii ni ya kilo kumi na nane, kumi na tisa." Akaandika kwenye kadi, akaitundika ukutani kwa msumari. "Siku ngapi hajala?"

"Kumi na mbili."

Akampa maji yaliyochanganywa chumvi za kuongeza maji mwilini, kidogo kidogo, akampiga sindano ya vitamini. Halafu akaenda kwenye jiko la mkaa. Malongo akasikia harufu ya yai, akafurahi moyoni. Deodata akarudi na kisahani. Juu yake palikuwa na vijiko viwili vya yai lililochemshwa na kupondwa pamoja na nyama isiyo na chumvi. Vijiko viwili. Aligusisha chakula upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake kuona joto lake, akachovya kidole, akampa mbwa alambe. Jirani alilamba kidole, akalamba kisahani, akalamba sakafu pale kisahani kilipokuwa. Akainua macho.

"Enhe," Malongo akasema, "sasa mletee chakula."

"Ndicho hicho."

"Hicho chakula au dawa?"

"Vyote viwili. Atapata kama hivyo mara sita mpaka kesho. Kwa siku nzima, yai moja na kipande cha nyama kama kidole gumba changu."

Malongo akamtazama Bernardo, Bernardo akatazama dari. "Binti," Malongo akasema pole pole, "kwa baba yangu palikuwa na kuku waliokula zaidi ya hapo."

"Kuku wa baba yako hawakukaa shimoni siku kumi na mbili. Kaa, mzee, nikueleze." Akavuta kigoda, akakaa upande wake wa kushoto, alikuwa ameshaona ni sikio lipi linafanya kazi, wala hakuuliza. "Mwili ukikosa chakula muda mrefu hivyo, unajila wenyewe. Mafuta kwanza, halafu nyama. Unajifunza kuishi kwa kidogo. Moyo nao unakonda, kama alivyokonda mguu. Sasa ukiumwagia ugali ghafla, au uji wa sukari, mwili unashtuka. Yale madini machache yaliyobaki kwenye damu yanakimbilia ndani ya misuli kwenda kuupokea huo ugali, yote kwa mpigo. Moyo unabaki mtupu. Mbwa analala ameshiba, asubuhi hawezi kusimama, jioni amekufa. Na watu wanasema, angalau alikufa ameshiba."

"Kwa hiyo chakula kinaua."

"Kinachoua ni haraka. Siku tatu hivi hivi. Siku ya nne tunaongeza. Siku ya kumi, kama Mungu akipenda, atakula bakuli. Na mimi namtaka mwenyewe awe hapa. Mbwa mgonjwa akimnusa mtu wake, anakula."

"Siku kumi!" Bernardo akapiga kofi pajani. "Nesi, huyu mzee siku ya nne humkuti! Hata mke alimwoa Jumatatu, Alhamisi kaondoka."

"Ilikuwa Ijumaa," Malongo akasema.

*

Akakaa. Alipewa kona ya kibanda cha pumba, akalala hapo, na mchana akawa anakaa mlangoni mwa kile chumba anasokota kamba na kutazama.

Kutazama kulimbadilishia rangi ya mawazo. Alikuwa ameona watu wengi wakifanya kazi zao, maana msafiri anakaa mlangoni kwa kila mtu: wahunzi, wachonga mitumbwi wa ziwani, makatekista, wachimba dhahabu. Lakini hakuwa amemwona mtu anayepima wema kwa kijiko. Palikuwa na paka mmoja mle, wa mwalimu Scolastica, paka aliyekuwa amegoma kula mpaka weupe wa macho yake na ufizi vikawa njano. Deodata alisema paka hana ruhusa ya kufunga. Siku chache tu bila chakula ini lake linajaa mafuta na kuzimika. Alikuwa amempitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, ameubandika juu ya paji la uso kwa plasta, na kila baada ya saa nne alimsukumia chakula laini kwa bomba la sindano. Laini sana, kimechujwa kwa kitambaa mara mbili. Alisukuma taratibu kiasi kwamba Malongo alimaliza pima nzima ya kamba kabla bomba halijaisha. Akisukuma alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, wimbo mmoja, beti nne. Bomba lilikuwa linaisha na ubeti wa mwisho. Hiyo ndiyo saa yake. Halafu maji kidogo kuusafisha mpira. Halafu anamfuta paka uso, kama vile ni lazima.

"Ukiimba haraka je?" Malongo aliuliza.

"Anatapika. Akitapika chakula kinaingia mapafuni. Kwa hiyo siimbi haraka."

"Na ukichoka?"

"Naimba nimechoka."

Malongo akarudia kusokota. Moyoni akasema, mtu huyu hata fahali angemlisha kwa kijiko na fahali akashukuru.

Jirani alikuwa anaongezeka uhai. Siku ya pili alitikisa mkia. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumapili, aliinuka mwenyewe, akatembea hatua nne mpaka kwa Malongo, akaweka kidevu juu ya paja lake pale kamba inaposokotwa. Akamtazama.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Malongo alikuwa ameyavumilia yote ila kutazamwa.

Kwao, aliyepotea akarudi halishwi kwa kipimo. Ng'ombe akipotea akarudi anapewa chumvi mpaka aiache mwenyewe. Mtu akipotea akarudi anawekewa chungu mbele, na mama mwenye nyumba hakiondoi mpaka aliyerudi akisukume kwa mkono wake. Kukiondoa kabla ni kumwambia: tulishakuzika. Malongo mwenyewe akiwa kijana alipotea msitu wa Biharamulo siku tano na ng'ombe wa watu, aliporudi mama yake alimwekea chungu, akakaa anamwangalia, na kila alipopumzika alimwambia, "Bado hujakisukuma." Neno hilo alikuwa nalo miaka zaidi ya hamsini. Sasa yule aliyepotea, akabaki shimoni kwa sababu ya sikio lake yeye, amerudi, anamtazama, na yeye anampa vijiko viwili.

Deodata alikuwa amekwenda misa. "Nitarudi saa tano," alikuwa amesema. "Nimeshamlisha. Asipewe kitu. Hata akikulilia."

Jirani hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Malongo akavuka njia mpaka kwa Niyonsaba, mama mmoja wa makamo aliyepika chakula cha kuuza kando ya soko. Alikuwa na asili ya Burundi, aliingia na wakimbizi, akaolewa hapa hapa, mume akafa, akabaki na masufuria yake. Malongo akaagiza ugali wa mtu mzima, mchuzi wa nyama, na kikombe cha uji wenye asali.

"Leo mzee umeamka na njaa!"

"Nakwenda kula kivulini, mayu," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Sahani nitakurudishia."

Akaiweka mbele ya mbwa. Nisiseme uongo: ilikuwa furaha. Jirani alikula akitetemeka, tonge kwa tonge, na Malongo alikaa kwenye vumbi mbele yake, machozi yanamtoka bila aibu, akisema, "Kula, kula ndugu yangu, mpaka usukume." Mbwa hakusukuma. Alilamba sahani ikang'aa.

Deodata aliporudi alilitazama tumbo la mbwa. "Amekunywa maji mengi?"

"Maji," Malongo akasema. "Mengi."

*

Jumatatu asubuhi Jirani hakusimama. Alijaribu, miguu ya mbele ikatanuka kama ya ndama mchanga, ya nyuma haikuitika kabisa. Misuli ya mabega ilikuwa inachezacheza chini ya ngozi. Alikuwa anahema mafupi mafupi, na mkojo aliouacha kwenye gunia ulikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Deodata alipiga magoti, akasikiliza moyo muda mrefu. Uso wake haukubadilika, ila wimbo haukuwepo.

"Sielewi," akasema. "Jana alitembea. Kwa vijiko viwili vile hawezi kuwa ameshtuka. Labda shimoni alikula kitu chenye sumu. Au sukari imemshuka, mwili hauna akiba." Akasimama, akashusha kabatini chupa ya dripu. "Nitampa sukari kwenye mshipa kwanza, mengine tutajua akizinduka."

Malongo alikuwa mlangoni. Neno sukari alilisikia vizuri kwa sikio lake zima. Akageuka, akashika katani yake. Aliogopa kitu cha kipumbavu: si kwamba mbwa atakufa, hilo lilikuwa kubwa mno hata kuogopa, aliogopa yule mwanamke mfupi amtazame na kujua.

Ndipo Niyonsaba akaja kuifuata sahani yake. Aliiokota nyuma ya kibanda cha pumba, akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Mzee," akaita kwa sauti ya chini, upande wa kushoto. "Mimi nimeosha sahani miaka thelathini. Sahani iliyofutwa kwa ugali naijua, na sahani iliyolambwa na mbwa naijua."

Malongo akaendelea kusokota.

"Tulipofika Lukole nilikuwa na mtoto mgongoni," Niyonsaba akasema. "Kaisari, wa miaka miwili. Alikuwa kama huyo mbwa wako. Kulikuwa na hema la watoto waliokonda. Walinipa kikombe kidogo hivi cha maziwa, nimnyweshe, nirudi baada ya muda, kikombe kingine. Nikalia, nikawatukana kwa Kirundi: mna magunia yamejaa mnampa mwanangu kikombe! Mwenzangu tuliyelala naye mkeka mmoja alikuwa na mtoto sawa na wangu. Yeye hakulia. Alichemsha maharage nje, akayaingiza hemani chini ya kitenge, akamshibisha mwanawe. Yule mtoto alilala anatabasamu. Kaisari sasa ana lori, wewe umeshampisha barabarani mara ngapi." Akaifuta sahani kwa kitenge. "Wa mwenzangu tulimzika kesho yake. Mama alimuua kwa mapenzi, na wenye hema hawakuweza kumsaidia, maana hakusema alichompa. Wewe umesema?"

Malongo akaingia ndani. Sindano ilikuwa imeshafunguliwa, mguu wa mbwa umeshanyolewa kidogo pa kuchomea.

"Usimwekee sukari," akasema. "Jana nilimlisha. Ugali sahani nzima, nyama, na uji wa asali. Nilikudanganya habari ya maji."

Deodata alibaki ameishika sindano. Paka akaacha kujilamba. Malongo alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa ametukanwa katika lugha nne na zote angezistahili.

"Saa ngapi?" Deodata akauliza.

"Saa tatu asubuhi. Kengele ilikuwa imelia."

"Uji ulikuwa wa nini?"

"Ulezi."

"Asali vijiko vingapi?"

"Vitatu."

Alikuwa anaandika kwenye kadi. Kisha akairudisha chupa ya sukari kabatini, akafunga mlango wa kabati. "Asante," akasema. "Ningemmaliza sasa hivi."

Akampigia daktari. Malongo alisikia nusu ya maongezi: vitamini B ya mshipani, kwanza hiyo, halafu ile dawa ya madini ya ng'ombe waliozaa wakashindwa kusimama, igawanywe kwa kilo, chakula kisimame kabisa mpaka jioni, kisha maziwa yaliyoenguliwa, kijiko cha chai. Cha chai, si cha mezani.

"Nifanye nini?" Malongo akauliza.

"Akilala upande mmoja mapafu yatajaa. Anatakiwa ageuzwe, na mara kwa mara asimamishwe hata kama miguu haibebi. Mimi na mikono miwili sitoshi."

Hilo lilikuwa suala la kamba. Malongo alichambua katani laini kuliko zote, akaiponda upya mpaka ikawa kama nywele, akaichanganya na maganda ya migomba, akasokota mkanda mpana usiokata ngozi. Akaupitisha chini ya tumbo la Jirani na chini ya kifua, akautundika kwenye boriti. Mbwa akasimama humo kama nguo kwenye kamba, miguu inagusa sakafu. Deodata aliukagua mkanda, akaingiza vidole viwili chini yake kila upande, akasema, "Hii ni kazi." Neno hilo Malongo alilibeba siku nzima.

Siku mbili hawakujua. Deodata alisikiliza moyo kila saa, akaandika. Jumatano asubuhi Jirani akiwa ndani ya mkanda alijikung'uta masikio, akakanyaga chini kwa mguu mmoja wa nyuma, akakanyaga tena, akabaki ameusimamia. Deodata akaanza kuimba. Alileta kijiko cha chai cha maziwa, akakipima joto kifundoni, akamkabidhi Malongo.

"Mimi?" Malongo akasema. "Baada ya yote?"

"Wewe ndiye anayekunusa. Wimbo unaujua?"

"Nimeusikia mpaka nimeumwa."

"Imba. Beti zote nne."

Akaimba. Sauti yake ilikuwa ya kuitia ng'ombe, na paka wa Scolastica alijificha uso. Lakini hakuimba haraka.

Kutoka siku hiyo hakuna mlinzi aliyekuwa mkali kama yeye. Bernardo alipopita na andazi mkononi, akijipendekeza, Malongo alimfukuza na kigongo mpaka barabarani. "Unataka kumuua Jirani yangu? Unajua madini wewe?" Bernardo akamwuliza tangu lini amekuwa daktari. "Tangu Jumatatu," Malongo akasema. Kijiko cha chai kikawa cha mezani, viwili, vitatu. Ndipo nyama ikaongezwa, na wanga kidogo kidogo mwisho kabisa. Kwenye mizani ya kahawa kilo kumi na moja zikawa kumi na moja na nusu, zikawa kumi na mbili. Siku ya ishirini na moja Deodata aliweka bakuli kamili sakafuni, akasogea nyuma, akakunja mikono. Jirani alikula mpaka katikati, akapumua, akalisukuma bakuli kwa pua.

Malongo alitoka nje kusokota kamba.

*

Waliondoka Murukulazo siku ya ishirini na nane, kwa miguu, kuelekea Biharamulo.

Jirani aliishi miaka mitatu na miezi kadhaa baada ya hapo. Alifika kilo kumi na saba na hakuzidi. Alikufa kwa uzee, kwenye boma moja la Wasukuma upande wa Biharamulo. Malongo aliacha kutembea mwezi huo huo; anaishi kwenye boma hilo hilo na bado anasokota kamba. Kila mwaka hupeleka mikanda ya kusimamishia wanyama Murukulazo, mitatu, ya ukubwa tofauti, akiituma kwa mkono wa Bernardo. Bernardo bado anaendesha pikipiki, lakini nyingine. Paka wa mwalimu Scolastica alitolewa mpira baada ya wiki tano, akapona ini, akagongwa na gari mwaka uliofuata. Niyonsaba ameacha kupika; anakaa kwa Kaisari, kule Rulenge. Sahani ile alimwachia Deodata, na inatumika kwa chakula cha wagonjwa. Deodata yuko pale pale, chumba kile kile cha nyuma. Wanaendelea kumwita Nesi wa Mbwa.